Boriti moja, mitungi miwili

Jana nimeruka na farasi. Boriti ya mkoko juu ya mitungi miwili ya lita 20, yanifika magotini tu, lakini nimehangaika nayo tangu kaskazi mpaka saa hii kusi lavuma.

Hapa Malindi farasi wa ufukweni watu wanamjua wa kupandisha wageni, unakaa juu mtu anakuvuta kamba basi. Mimi nilitaka kuruka. Tulianza na boriti zimelazwa chini, farasi anazivuka moja moja kwa mwendo wa kudundadunda, asubuhi maji yakipwa manake mchanga wa juu mlaini mno unamchosha miguu, na hapo nilikuwa sawa kabisa. Ilipoinuliwa tu, roho ikaingia ubaridi.

Siku moja akanigomea mara tatu. Anakuja vizuri, anafika, anasimama tuli, mimi nimelalia shingo. Nilirudi nyumbani nikajifungia nikalia, nikasema miaka 36, watoto 2, natafuta nini huku? Wiki 2 sikwenda.

Mwalimu wangu, kijana wa Lamu alokulia juu ya punda, akanipigia simu. "Mama Salma, farasi hakugoma. Wewe ndo ulomwambia asimame."

Niliudhika kweli. Lakini nilipokwenda akanionyesha, kila nikikaribia macho yangu yako kwenye boriti na mikono inarudi kifuani, lijamu, kile chuma cha mdomoni, linamkaza. Na farasi macho yake yako ubavuni jamani, mbele ya paji la uso hapaoni, akisogea karibu kabisa ile boriti inampotea, anabaki kumtegemea alomkalia, na alomkalia ndo mimi navuta hatamu.

"Shika manyoya ya shingo, visigino chini, angalia minazi ile."

Basi jana nikayashika, yamelowa jasho, yananata kwa chumvi, nikakodolea macho mnazi mmoja uloinama, tumbo likapanda juu, halafu kishindo cha kwato na mimi bado niko kwenye tandiko. Hata sikujua kama tumepita. Ilibidi nigeuke nyuma niitazame, boriti iko vile vile, haijaguswa.

Usiku nimeamka mara 2 namwona anasimama tena. Wasiwasi haujaondoka. Jumamosi mwalimu anaweka matofali chini ya mitungi, na mimi nishatega alamu saa 11 alfajiri.