Bodi iliyokuwa ikijisahau

Shangazi alitaka Bismillahi. Hakutaka ya karatasi iliyowekwa kioo, maana hizo alisema ziko kila nyumba. Alitaka ya mti, ubao wa mninga, ya kutundikwa sebuleni kwa binti yake aliyekuwa anaolewa. Alikwisha kusikia kwamba chumbani kwangu kuna mashine inayochonga yenyewe.

"Mwanangu, si unaiambia tu?"

"Ndiyo shangazi, naiambia tu."

Ilikuwa mwaka 2019, Tanga, nimepanga chumba Ngamiani katika nyumba ya wapangaji wengi. Mashine yenyewe ilikuwa ile ndogo ya CNC, yaani ya kuongozwa kwa namba kutoka kompyuta, ambayo watu wengi huanzia, inayoitwa 3018 kwa sababu meza yake inachonga eneo la sentimita 30 kwa 18. Ilinifikia ikiwa vipande ndani ya boksi: alumini zenye mifereji, vishikizo vyeusi vya plastiki ngumu, mota tatu za stepa, skrubu ndefu tatu za kusukumia, bodi moja ya umeme inayoiongoza mashine, na kijitabu cha picha ndogo mno. Kuifunga si kazi. Kazi ni kuifunga ikawa mraba, kwa sababu fremu iliyopinda kidogo tu itakuchongea duara lenye tumbo. Nilipima kona kwa kona, nikalegeza, nikagonga kwa mpini wa bisibisi, nikapima tena, hadi mishazari miwili ikalingana.

Hesabu yake ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Mota ya stepa humaliza mzunguko kwa hatua 200. Draiva, kile kisaketi kinachoisukuma mota, huigawa kila hatua mara 16, zinakuwa 3,200. Skrubu ya mashine hii nayo husogeza meza milimita 4 kwa kila mzunguko. Ukigawanya unapata hatua 800 kwa milimita moja. Namba hiyo unaihifadhi ndani ya bodi, kisha unaiamuru meza isogee milimita 100 na wewe umelaza rula pembeni. Ilisogea 100. Mimi nilikaa nikaitazama ile rula kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Chumvi ya upepo wa pwani hula chuma, kwa hiyo zile fito za kutelezea nilizipaka mafuta ya cherehani kila nilipokumbuka. Draiva nazo zina kijiskrubu cha kurekebisha umeme unaokwenda kwenye mota. Ukiuzidisha, mota inachemka hata huwezi kuishika. Ukiupunguza sana, mota inaruka hatua na mchoro unahama. Nilizirekebisha kwa mita na subira. Hadi shangazi analeta ubao wake, nilikuwa nimekwisha kuchonga vibao vya majina na vishikio vya funguo, na nilijiona fundi.

Ubao ulikuwa mzuri wa kutisha. Ulitoka kwa seremala anayemfahamu, umerandwa ukawa laini, rangi yake ya asali iliyochomwa. Niliufunga mezani, nikaweka kisu chenye ncha ya V, na kwa bahati njema nikatoboa kitundu kidogo pembeni, nje ya mchoro, kiwe sifuri yangu, mahali ambapo vipimo vyote vinaanzia. Mashine hii haina swichi za kuijulisha mwisho wa meza uko wapi. Sifuri ni pale unapoiambia ni sifuri, basi.

Khati ya thuluthi, mwandiko wa Kiarabu wa Bismillahi hii, haina huruma na mashine ya bei nafuu. Herufi zina mikunjo mirefu inayoanza nyembamba, inanenepa, kisha inakonda tena. Ncha ya V huzama na kupanda ili kupata unene huo, kwa hiyo mota zote tatu zinacheza kwa pamoja. Programu ilikuwa imeugeuza mchoro kuwa maelfu ya mistari ya misimbo ya G, yaani maagizo ya kisu kiende wapi, na laptopu ikawa inaipelekea bodi mstari mmoja mmoja kupitia waya wa USB. Ba ikatoka safi. Sin ikatoka na meno yake. Katikati ya mim kila kitu kikanyamaza.

Kisu kilisimama ndani ya mti. Kwenye skrini hakukuwa na onyo lolote. Kulikuwa na maneno ambayo bodi huyatoa pale tu inapowashwa, jina la programu yake na toleo: Grbl 1.1f. Bodi ilikuwa imezimika na kuwaka tena katikati ya kazi, na sasa inanisalimu kana kwamba hatujawahi kuonana. Haikujua ilipo, wala haikujua kwamba imeshika ubao wa harusi ya mtu.

Nikainua kisu kwa mkono, nikakirudisha polepole hadi kwenye kile kitundu cha pembeni, nikatangaza sifuri upya. Kisha nikafungua faili, nikafuta mistari iliyokwisha kuchongwa, nikaacha michache ya nyuma ili zipishane kidogo. Ikaendelea vizuri, ikapita pale ilipokwama, halafu mbele kidogo ikanyamaza tena. Salamu ileile.

Niliuondoa ubao wa shangazi mezani. Nikaweka kipande cha plaiwudi.

Kuna watu wakipata hitilafu ya namna hii huanza kununua vitu. Mimi sikuwa na fedha ya kununua vitu, na nadhani hilo lilinisaidia. Nilibadilisha waya wa USB kwa mwingine mfupi wenye kile kinundu cheusi karibu na ncha. Nikapima umeme wa adapta wakati mashine inafanya kazi: volti 24, haitikisiki. Nikaelekeza feni kwenye draiva. Kisha nikaendesha mchoro wote hewani, kisu kimeinuliwa na mota yake imezimwa. Ulikwenda hadi mstari wa mwisho. Nikarudia, safari hii mota ya kisu inazunguka lakini haigusi kitu. Ukakatika njiani. Kwa hiyo mchawi alikuwa anakaa kwenye mota ya kisu, ambayo sisi wa mambo haya huiita spindo. Ila nilishindwa kuelewa mota inayozungusha kisu inaifanyia nini bodi, ilhali adapta haikuonesha kushuka hata chembe.

Chumba cha mbele aliishi mzee mmoja tuliyemwita Babu, aliyekuwa fundi umeme wa magari enzi zake. Jioni zake alikuwa nazo mwenyewe: kiti cha kamba barazani, kahawa, na redio ya masafa mafupi yenye antena ndefu, akisikiliza matangazo ya Kiswahili ya nje. Jioni hiyo alikuja mlangoni kwangu na redio mkononi.

"Hodi humu."

"Karibu babu. Shikamoo."

"Marahaba. Mjukuu wangu, unachomelea nini humo ndani?"

"Sichomelei babu, nachonga."

"Basi uchongaji wako unanikatia habari. Redio inakwaruza hata simsikii msomaji. Halafu inanyamaza ghafla, nikishukuru, baada ya muda inaanza tena."

Nikamuuliza ile ya kunyamaza ghafla ni lini na lini. Akanitajia leo: mara tu baada ya adhana ya alasiri, na tena wakati anamiminiwa kahawa. Hizo ndizo nyakati mashine ilizokata.

Nikamkaribisha ndani. Babu hakuitazama laptopu hata kidogo. Aliiweka redio juu ya meza, akaitoa kwenye kituo hadi pakabaki mvumo mtupu, akasema washa. Niliwasha mota za stepa peke yake: kijisauti chembamba, si cha kusumbua. Nikawasha spindo. Redio ikakoroma chumba kizima. Nilipoongeza mwendo, mkoromo ukapanda. Nilipopunguza, ukashuka nao.

"Hiyo ina brashi," akasema.

"Ina, babu."

"Zima taa."

Nikazima. Kupitia matundu ya nyuma ya mota tukaona cheche za buluu zikizunguka pale brashi, vile vipande vinavyopitisha umeme, zinapogusa sehemu inayozunguka. Babu akacheka. Akanieleza kwamba kila cheche ni redio ndogo inayorusha kelele kila upande, na waya unaotoka kwenye mota ndiyo antena yake. Waya huo mimi nilikuwa nimeufunga kwa ustadi pamoja na ule wa USB, kwa kamba za plastiki, kama kijitabu kilivyoonesha. Bodi inasoma umeme mdogo sana kuamua hii ni moja au hii ni sifuri. Kelele ikiingia kwa nguvu ya kutosha inachanganyikiwa, inajianza upya.

"Magari ya zamani yalikuwa hivyohivyo," Babu akasema. "Mtu akifunga redio kwenye gari, anasikia dainamo badala ya taarabu. Tulikuwa tunafunga kondensa, nyinyi mnaziita kapasita, kwenye dainamo, kwisha maneno."

Akatoka, akarudi na kopo la maziwa ya unga lililojaa vitu vilivyong'olewa kwenye amplifaya zilizokufa. Kondensa za magari alizitupa pembeni, kubwa mno kwa kazi hii. Akachambua hadi akapata visahani vitatu vya kahawia vilivyoandikwa 104. Namba hiyo husomwa 10 ikifuatiwa na sifuri nne: pikofaradi 100,000, yaani mikrofaradi 0.1. Kapasita moja inaunganisha miguu miwili ya mota. Mbili zilizobaki, kila moja inatoka mguu wake na kwenda kwenye gamba la mota. Kelele ikikuta njia hiyo fupi, inazungukia hapohapo kwenye mota badala ya kusafiri na waya.

Kulehemu miguuni kulikuwa kwepesi. Kwenye gamba ndiko tulikotoka jasho. Chuma kile kinakunywa joto lote, risasi inaganda juu juu na ukiigusa inabanduka. Babu akalikwaruza gamba kwa msasa hadi likang'aa, akaniambia niweke kalafonia, ule utomvu unaosaidia risasi kushika, akatoa chuma chake cha kulehemia, kikubwa, mpini wa mbao umeungua, akakishikilia pale hadi risasi ilipokubali kutandaa. "Usipulize," akaniambia, kwa maana nilikuwa tayari nimevuta pumzi. Baada ya hapo tukazikata zile kamba za plastiki, tukasokota nyaya mbili za mota pamoja, tukazipitisha upande wa kulia wa fremu, na USB ikabaki kushoto peke yake.

Kupima tulipima kwa redio. Niliwasha spindo, na ule mkoromo ukawa umeshuka hadi ukawa mvumo wa kawaida, ukiusikiliza kwa makusudi ndipo unauona. Babu akaurudisha mshale kwenye kituo chake na msomaji wa habari akasikika, mashine inazunguka nusu mita kutoka kwake.

Tukaweka plaiwudi, nikaendesha mchoro mzima huku kisu kinakata. Unachukua muda, na Babu alikataa kuondoka. Aligeuza ndoo akaikalia. Akauliza kitu hiki nani alikianza. Nikamwambia mashine ya kwanza ya kuongozwa kwa namba ilioneshwa na chuo cha MIT huko Marekani mwaka 1952, ikiwa na taa za vioo badala ya chipu, na iliendeshwa kwa utepe wa karatasi wenye matundu.

"1952 ndiyo nimezaliwa mimi. Kumbe ni rika langu."

Na hii? Nikamwambia Grbl iliandikwa na Mnorwe, Simen Svale Skogsrud, mwaka 2009, akaitoa bure, na inakaa ndani ya chipu yenye nafasi ya kilobaiti 32 tu. Hiyo ya kilobaiti haikumgusa. Ya kutolewa bure ndiyo aliyoishangaa, akaniuliza mara mbili huyo bwana anakula nini.

Plaiwudi ikaisha bila kukatika. Ikaisha na ya pili. Usiku ule sikuthubutu kuugusa mninga. Asubuhi, baada ya chai, niliufunga tena mezani, nikatafuta kitundu changu kwa kioo cha kukuzia, nikashusha ncha hadi ikaingia bila kusukuma ukingo, na nikaanzia kwenye mim iliyokwama. Ilimaliza kabla ya adhuhuri. Pale iliposimama mara ya kwanza kulibaki doa dogo la kuungua ndani ya mkunjo wa herufi. Nililifuata kwa msasa uliokunjwa kwenye kijiti cha kiberiti, na baada ya kupaka mafuta ungelazimika kuonyeshwa ili ulione.

Shangazi hakuonyeshwa. Alipitisha kidole kwenye kila herufi, akaisoma kwa sauti, akaniombea dua ndefu, kisha akauliza kama naweza kuiambia itoe nyingine tatu kabla ya Ijumaa.

Babu naye hakukaa. Alikuja na uso wa redio nyingine, ya zamani zaidi, kile kioo chenye namba za masafa kimepasuka katikati. Alikuwa amekipima kwa rula ya chuma na kuandika vipimo nyuma ya risiti, hadi nusu milimita. Alitaka kipya, cha plastiki angavu, namba zimechongwa kwa nyuma ili taa ndogo iliyo ndani izimulike. Nikamwambia plastiki ya milimita 3 inatosha. Akasema 2, vinginevyo mshale utakwaruza. Nikamwambia ya milimita 2 itatetemeka chini ya kisu na kupasuka. Akavuta ile ndoo, akaketi, akaniambia nimletee mota ile aitazame kwanza.