Ushungi, Makuti na Bahari

Tangu nirudi Unguja, swali ninaloulizwa sana halihusu baridi wala mshahara. Ni hili: "Kule walikuacha ufundishe michezo na ushungi wako?" Waliniacha. Skuli yetu ya Leicester, Uingereza, ilikuwa na watoto wa Kisomali, wa Kigujarati, wa Kipoland, na Masingasinga, na ushungi wangu ulikuwa wa rangi ya traksuti, basi. Walionipa kazi ya kufikiri ni wanafunzi na dini zao, si mavazi yangu.

Kanuni ya usalama, kwa mfano, inataka kila pambo livuliwe kabla ya mchezo. Mvulana wa Kisingasinga ana kara mkononi, ile bangili ya chuma, na kwake si pambo. Tukawa tunaifunika kwa bendi ya jasho, mchezo unaendelea. Ramadhani ya 2015 ilianza Juni, katikati ya msimu wa riadha, saumu karibu saa 19. Waliofunga tuliwapa filimbi na tepu ya kupimia. Wengine walishukuru. Msichana mmoja alikasirika kweli: nani kasema yeye hawezi kukimbia? Kuanzia hapo tukawa tunauliza kabla ya kumpangia mtu huruma.

Kuogelea ndiko kulikokuwa na kazi. Mtaala wa England unataka mtoto amalize msingi akiweza kuogelea angalau mita 25. Waliotufikia sekondari bila kujua tuliwapeleka bwawani sisi wenyewe, na baadhi ya wazazi walikuwa wazito. Mambo yalilainika tulipopata saa ya wasichana peke yao, mwalimu mwanamke, mapazia madirishani na burkini, vazi la kuogelea linalositiri mwili. Kule Basel, Uswisi, wazazi waliokataa mabinti zao waogelee na wavulana walifika hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mwaka 2017 wakashindwa. Mahakama ilizingatia kwamba skuli ilikwisha kuruhusu burkini, na kubadilisha nguo mbali na wavulana. Mimi ushindi wa namna hiyo siupendi sana. Mtoto anaingia majini huku nyumbani kumenuna.

Haya, huku kwetu. Wenzangu wa Leicester walinitania kwamba nitapumzika, maana karibu wote ni Waislamu, nani atakuwa na la kuuliza? Na kweli hakuna anayeuliza. Saa ya michezo ikifika wavulana wanachukua mpira, wasichana wanakaa chini ya mwembe na mikoba yao. Ukitaka sababu unajibiwa neno moja: dini. Wapo hata wanaoamini sheria za mpira duniani zinakataza ushungi, ilhali FIFA iliuruhusu rasmi 2014 na FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu, 2017.

Nikawauliza wasichana wenyewe, mmoja mmoja. Kiwanja kiko kando ya barabara, na bodaboda wanasimama kutazama. Sketi ya sare inabana. Vyoo havina maji, na siku za hedhi hilo peke yake linatosha. Wa mkupuo wa asubuhi wakitoka wanakimbilia chuoni, kusoma Kurani. Nani ataingia chuoni ananuka jasho? Aliyetaja kukatazwa na baba yake alikuwa mmoja tu. Wakati huohuo, mama zao wengi wamo kwenye vikundi vya mazoezi, wanakimbia alfajiri na shungi zao, na tarehe 1 Januari, Siku ya Mazoezi ya Viungo, wanajaza barabara. Hapo dini haitajwi na mtu.

Kwa hiyo tulihamia uwanja wa nyuma ya madarasa. Wazazi wakasimamisha ua wa makuti, wasichana wakaruhusiwa suruali pana chini ya kanzu fupi, na netiboli ikaanza kuwa na kelele. (Tuna mvulana Msabato pia, familia yao imetoka bara. Mazoezi ya timu yalikuwa Jumamosi na kila mtu akimwita mtoro. Siku hizi ni Alhamisi.)

Bahari ndiyo imebaki. Wavulana wanaruka kutoka ukuta wa Forodhani kuanzia wadogo, dada zao wanawashikia viatu. Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, ikachukua mamia ya watu. Sidai kwamba kuogelea kungewaokoa usiku ule, kwenye mkondo ule. Lakini mtoto wa kisiwani asiyejua hata kuelea ni jambo ambalo siwezi kulizoea. Nilipolileta kwenye kikao cha wazazi, baba mmoja akaniambia, "Mwalimu, bahari haina pazia." Kasema kweli. Ndiyo maana sasa tunatafuta sehemu ya ufukwe iliyojitenga, yenye maji ya kiunoni, na saa ambayo wavuvi hawapiti. Kina mama wamekubali kuja kukaa ufukweni. Kina baba wanataka kwanza kujua nani atakuwa ndani ya maji na mabinti zao.

Nahitaji wanawake wawili wanaoogelea vizuri na kujua kuokoa mtu, wenye subira ya vikao na kina baba. Tukiwapata tunaanza baada ya Idi, siku ambazo maji yanajaa asubuhi.