Nilivyohamisha makadirio ya saketi kutoka nanomita 65 hadi 22

Nilikuwa na makadirio ya nishati na kasi ya saketi ya teknolojia ya nanomita 65 (namba hutaja ukubwa wa vipimo vya transista), nikayahamishia ya 22 kwa kanuni ya zamani. Matokeo yalikuwa mazuri kupita kiasi, hayaaminiki: nishati kwa kila operesheni ilishuka mara 26. Kugawa nguvu (nishati kwa sekunde) moja kwa moja kwa uwiano wa vipimo pia hakukusaidia.

Kiini kilikuwa volti. Kanuni ya zamani huchukulia kwamba volti hupungua sambamba na vipimo; hapa ilitoka 1.1 hadi 0.9 tu. Nishati hufuata kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji, niliochukulia hupungua kama vipimo) mara mraba wa volti, kwa hiyo 0.34 (22/65) × 0.67 (mraba wa 0.9/1.1) ni 0.23, yaani punguzo la mara 4.4 hivi. Tofauti kubwa!

Ucheleweshaji, yaani muda wa ishara kupita, niliupata kwa kuiga kwenye kompyuta inveta (saketi ndogo inayogeuza 0 kuwa 1 na 1 kuwa 0) inayoendesha nyingine 4, kila teknolojia kwa volti yake, joto lilelile, kisha nikachukua uwiano. Nguvu huja mwisho: nishati mara masafa mapya (idadi ya mizunguko kwa sekunde), yanayotokana na uwiano huo wa ucheleweshaji. Mkondo unaovuja huhesabiwa kando.