Migomba ya Bibi Kwenye Kona ya Kalavati

Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto, katika Milima ya Usambara, ina urefu wa karibu kilomita 33, na katika mwendo huo mfupi inapanda takriban mita 1,000, ikijipinda huku na huku kupitia Soni. Nimekulia katika kijiji kimoja kilicho chini kidogo ya Soni, na mpaka leo nikisikia lori la mboga likishuka kwa gia ndogo naweza kukisia limefika kona ipi.

Iliyotusumbua zaidi tuliiita Kona ya Kalavati. Hapo barabara inaingia ndani ya korongo, inavuka kijito juu ya kalavati, kisha inatokea upande wa pili na kuendelea kushuka. Kwa kuwa korongo lenyewe liko wazi, dereva aliye upande mmoja angeweza kuliona gari la upande wa pili mapema kabisa, kama si migomba iliyosongamana katikati, penye majimaji. Migomba hiyo ilikuwa ya bibi yangu, mzaa mama.

Mwaka 2011, masika yakielekea kwisha, Coaster iliyokuwa ikipanda iligongana pale na lori la kabichi lililokuwa likishuka. Hakufa mtu, ila utingo wa lori alivunjika mkono, na kabichi zilitapakaa mpaka kijitoni. Kijiji kikala kabichi juma zima, jambo ambalo hata leo naona haya kulisimulia. Mwenyekiti aliitisha mkutano, na wengi wetu tulidai kibao cha onyo na matuta. Fundi wa barabara aliyealikwa alitusikiliza hadi mwisho, ndipo akatueleza kwamba kibao kipo tangu zamani, ila kimemezwa na matete, na kwamba tuta katikati ya mteremko humlazimisha dereva wa lori kukanyaga breki ambazo zimekwisha kupata moto. Alituomba tukutane naye Jumamosi, tuje na mapanga na majembe.

Msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya wanakijiji, ulianza saa moja asubuhi kwa kuokota mawe. Gari likiharibika mlimani utingo huweka mawe nyuma ya matairi lisirudi nyuma, na likishatengenezwa huondoka na kuyaacha palepale, yakimngoja mwendesha bodaboda wa usiku. Tulikusanya mawe kumi na manne katika kipande kisichozidi nusu kilomita. Baadaye tulizibua mtaro wa upande wa juu, ambao ulikuwa umejaa udongo kiasi kwamba maji ya mvua yalikuwa yakikatiza juu ya lami na kuacha tope lenye kuteleza.

Ilipofika zamu ya migomba, watu wote walijikuta wana kazi nyingine ya kufanya. Fundi hakubishana na mtu. Aliniita mimi, akanipa mti wenye kitambaa chekundu, akaniagiza nipande hadi mbali kisha nishuke polepole nikifuata njia ya magari. Yeye alichuchumaa barabarani upande wa pili, na Bibi akaketi kando yake juu ya jiwe. Nilishuka nikihesabu hatua kimoyomoyo. Waliponiona na kupiga kelele nisimame, zilikuwa zimebaki hatua kumi na nane tu kuwafikia. Fundi alimweleza Bibi kwamba gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa hupita mita 11 kwa sekunde moja, na kwamba sekunde hiyo humalizika kabla mguu wa dereva haujagusa breki.

"Kwa nini msiipanue barabara huko juu?" Bibi aliuliza, akionyesha ukuta wa mlima.

"Tukiukata mlima, Bibi, masika yajayo utatushukia."

Alinyamaza kitambo. Shida yake haikuwa ubishi. Ndizi zile ndizo zilizomnunulia chumvi, sabuni na mafuta ya taa, na mikungu mitatu ilikuwa imebakiza majuma machache kukomaa. Aliomba iachwe mpaka ivunwe. Fundi alikataa, kwa upole lakini bila kuyumba, na hapo nilimchukia kidogo. Hatimaye Bibi alisema mikungu hiyo isitupwe wala isigawiwe ovyo, bali ipelekwe nyumbani kwake, na shamba lile abaki nalo apande maharage, ambayo hayamfiki mtu kiunoni. Wote wawili walikubaliana, Mwenyekiti akiwa shahidi.

Tulikata migomba ishirini na sita. Shina la mgomba halina ukaidi, panga linapita kama kwenye boga, lakini maji yake yaliacha madoa kwenye shati langu ambayo sabuni haikuyaweza. Mchana tulikula ndizi zilezile changa zilizopikwa kwa maharage, na Bibi ndiye aliyepakua bila kusema neno.

Jioni fundi alinirudisha juu na kile kitambaa. Safari hii kelele zilinifikia zikiwa zimebaki hatua hamsini na mbili. Nilipokuwa bado nimesimama pale, Coaster ilishuka nyuma yangu ikiwa imejaa abiria. Korongo lilikuwa jeupe na dereva aliweza kutuona sote, mimi, fundi na Bibi, lakini akapiga honi ndefu kama alivyozoea miaka yote, na Bibi, akiwa amebeba jembe begani, akasogea pembeni kumpisha.