Jezi ya Mazembe chini ya deraya: modi za mapambo ziingie kwenye pakiti au zibaki nje?

Kila anayeandaa pakiti ya modi za Minecraft (nyongeza zinazobadilisha mchezo huo) kwa ajili ya kikundi huulizwa mapema: na za kumpamba mhusika, utaweka? Masikio, mikia, kofia, nguo za kufunika deraya. Wapo wanaokataa palepale, eti ni uzito wa bure. Sisi tunaziweka, ila kuna mtihani: modi ya pambo ikiondolewa kesho, dunia ifunguke kama kawaida na kila mtu aingie na vitu vyake vyote. Inayoshindwa mtihani huo imekwisha kuwa sehemu ya mchezo wenyewe, na ihukumiwe hivyo.

Kuijaribu ni kazi ya dakika chache. Nakili folda ya dunia, toa faili la .jar la modi hiyo kwa mchezaji mmoja tu, mwambie aingie. Kisha litoe kwenye seva pia, iwashe, usome logs/latest.log, kumbukumbu ya seva.

Nyingi za modi hizi zinakaa kwa mchezaji pekee. 3D Skin Layers, kwa mfano, inaipa unene ile tabaka ya juu ya skini (picha inayomvika mhusika), na seva haina habari nayo kabisa. Kosa la kila siku ni kunakili folda nzima ya mods na kuimwaga kwenye seva. Kwenye Forge, mojawapo ya programu zinazopakia modi, modi ya namna hiyo inaweza kuiua seva kabla haijamaliza kuwaka, na ripoti ndani ya crash-reports itakuwa na maneno "invalid dist DEDICATED_SERVER": modi imeita msimbo wa kuchora picha, na seva haina msimbo huo. Fabric, programu nyingine ya kazi hiyo, ni mpole zaidi. Modi iliyojitambulisha vizuri katika fabric.mod.json kuwa ni ya mchezaji tu, seva huiruka kimya.

Basi iandike wazi. Ndani ya faili la .mrpack (pakiti ya muundo wa Modrinth) mna modrinth.index.json, na kila modi ina sehemu ya env: kwa pambo weka client "optional" na server "unsupported". Ukitumia packwiz, zana ya kutengeneza pakiti, andika side = "client", halafu chini ya [option] weka optional = true na default = false. Mwenye mashini dhaifu hatalazimika kubeba mkia wa mwenzake.

Sasa jezi. Skini ni picha ya PNG ya pikseli 64 kwa 64, na kifua cha mbele kinapata 8 kwa 12 tu, kuanzia pikseli ya 20,20 hadi 27,31. Mtu wa Lubumbashi atataka nyeusi na nyeupe ya Mazembe, klabu ya soka ya huko. Akichora mistari ya pikseli moja moja, kwa mbali inachanganyika na kuwa kijivu. Achore ya pikseli mbili mbili: anapata mistari minne inayoonekana hata ng'ambo ya mto. Mamba wa nembo asahau, nafasi haipo. Kola na mikunjo ya mikono ichorwe kwenye tabaka ya juu, ambayo kifua chake kinaanzia 20,36. Hadi hapo hakuna modi hata moja iliyohitajika, na pakiti nyingi zingeishia hapo salama.

Shida ni kwamba siku ya tatu kila mtu amevaa deraya ya almasi, na jezi haionekani tena. Hapo ndipo Cosmetic Armor Reworked inapolipa: inaongeza nafasi nne za mavazi ya kuonekana tu, pamoja na kitufe cha kuficha deraya huku kinga yake ikibaki. Lazima iwe pande zote mbili, seva na mchezaji. Tena inaanguka mtihani wetu, maana kilichowekwa kwenye nafasi zile kinatunzwa na modi yenyewe, ukiiondoa, kimekwenda. Tunaiweka hata hivyo, tangu siku ya kwanza, kwa wote, bila hiari. Siku ya kuitoa ikifika, tangazo litangulie: kila mtu atoe vitu vyake kwanza.

Tuje kwenye jambo linalowasumbua wengi hapa: delestaji, yaani mgao wa umeme. Umeme umekatika, rauta iko kwenye betri, laptopu tano sebuleni, intaneti hakuna. Seva yenye online-mode=true inataka kuthibitisha akaunti kwanza, kwa hiyo haingii mtu. Ukiweka false katika server.properties mtaingia, lakini fanya hivyo kwenye mtandao wa ndani ya nyumba tu. Ukiufungua nje, yeyote anaweza kuingia kwa jina la msimamizi. Na ujue kitambulisho cha mchezaji sasa kinatokana na jina lake, herufi kubwa na ndogo zikihesabiwa: Kasongo na kasongo ni watu wawili, kila mmoja na mfuko wake. Kubadilisha mpangilio huu katikati ya mchezo humfanya kila mtu ajikute mikono mitupu. Amua mapema.

Katika hali hiyo skini nazo zinapotea, mnabaki na zile za msingi. Tangu toleo la 1.19.3 ziko tisa, mmojawapo akiitwa Zuri, jina lisilohitaji mkalimani. Watu watano sebuleni, Zuri wawili: nani amempiga nani?

Dawa ni CustomSkinLoader, modi ya upande wa mchezaji. Weka kila skini ndani ya CustomSkinLoader/LocalSkin/skins, faili likiitwa jina la mchezaji herufi kwa herufi, mfano Kasongo.png. Folda hiyo iingize kwenye overrides za pakiti (mafaili yanayonakiliwa moja kwa moja kwenye folda ya mchezo), ili kila mwenye pakiti awe na skini za wote. Faili moja ni kilobaiti chache tu, hata mega moja haziimalizi. Mtego wake: katika CustomSkinLoader.json, LocalSkin si ya kwanza kwenye orodha ya mahali pa kutafuta skini. Intaneti ikirudi, na duniani yupo Kasongo mwingine mwenye akaunti, skini yake ndiyo itakayotangulia. Ipandishe LocalSkin iwe ya kwanza.

Kwa sebule hiyo hiyo, Figura, modi ya kumpa mhusika umbo jipya, haifai. Ni modi nzuri sana, lakini maumbo yake hupitia seva zake za mtandaoni, kwa hiyo bila intaneti unajiona mwenyewe tu. Customizable Player Models, ikiwekwa pia kwenye seva yenu, huyapitisha maumbo hapo hapo. Chagua moja kati ya hizo mbili. Zote zinashika umbo la mhusika, na zikikutana utaona mikono ikielea. Pehkui, modi ya kubadilisha ukubwa wa mhusika, tunaitoa kwenye orodha ya mapambo kabisa, kwani anayejipunguza urefu anapunguza pia mahali pa kupigwa. Kuanzia 1.20.5 mchezo wenyewe una sifa ya kubadilisha ukubwa, aachiwe msimamizi.

Ukigawa pakiti kwa fulashi, kumbuka hapo unagawa mafaili yenyewe ya .jar, si viungo vya kupakulia. Leseni za MIT na LGPL zinaruhusu. Penye "All Rights Reserved" omba ruhusa ya mwenyewe. Gawa folda mbili: msingi, wenye modi zinazolazimika pamoja na skini, na pambo, yenye zile za hiari. Hivyo folda ya pambo ikibaki njiani kati ya Katuba na Kenya (komini za Lubumbashi, si nchi), mchezo wa jioni unaendelea.