Chapeo Inayoficha Uso

Teksi ya kuchangia iliondoka Samarkand asubuhi, abiria wanne na gunia la vitunguu. Panjikent, mji wa Tajikistan niliokuwa naendea, ni kilomita 60 hivi, lakini katikati kuna mpaka wa Uzbekistan na Tajikistan, uliofunguliwa tena 2018. Tukashuka, tukavuka kwa miguu na mizigo yetu, tukapanda gari jingine. Dereva mpya akanikaribisha "choy". Baadaye akaonyesha "dukon" la shemeji yake, nami nikajiona nipo nyumbani.

Kilichonipeleka huko ni mavazi ya vita ya kale. Dirii, vazi la kukinga mwili vitani, na chapeo, kofia ya vita, mimi niliyajulia kanisani tu. Kwenye simu nilikuwa na picha ya vibao vya mfupa vya kale vya mahali paitwapo Orlat, vilivyofukuliwa na msafara wa mwanaakiolojia Galina Pugachenkova karibu na Samarkand: wapiganaji wamevaa makoti marefu ya vibati (vipande vidogo bapa), kola imesimama kuzunguka shingo kama mdomo wa mtungi. Uso uko wazi. Wataalamu bado wanabishana juu ya umri wa vibao hivyo.

Makumbusho ya Panjikent yana nakala za michoro ya ukutani ya mji wa kale. Michoro mingi yenyewe ipo kwenye makumbusho ya Hermitage, Saint Petersburg, na mingine Dushanbe. Niliudhika kidogo, kisha nikachuchumaa. Wapiganaji waliochorwa ni Wasogdi, watu wa kale wa eneo hili, wa karne ya 8. Chapeo ina ncha, na chini yake linaning'inia pazia la pete za chuma, limefunika kila kitu isipokuwa macho. Dirii imeshonwa kwa vibati vyembamba vilivyofungwa kwa kamba, safu kwa safu. Babu yangu aliezeka makuti, safu ya juu inalalia ya chini ili mvua iteleze. Dirii za aina hii kwa kawaida ni kinyume chake: ya chini ndiyo inalalia ya juu. Nilirudia kuangalia mara tatu.

Wasaka, wahamaji wa nyika waliochongwa kwenye kuta za Persepolis, mji wa kale wa Uajemi, zaidi ya miaka elfu moja kabla, nao wana kofia za ncha. Mimi naona ncha ilibaki, uso ndio uliotoweka.

Magofu ya Panjikent ya kale yako juu ya kilima, kuta za udongo zilizoanza kufukuliwa 1947. Hakuna kivuli hata cha mbuzi. Niliposhuka sokoni nikanunua toki, kofia ndogo ya darizi, ndugu kabisa wa zile za mwambao. Ilinikaa vizuri. Pua ilikuwa imeshaungua.