Upanga wa tai chi, wiki ya saba: ncha imetulia

Leo alfajiri, ufukweni Luchelele, Mwanza, nimepiga dian (pigo la kudonoa kwa ncha ya upanga) kumi na moja mfululizo na kila mara ncha imesimama pale pale nilipoituma. Kumi na moja! Wiki sita zilizopita sikuwahi kupata hata mbili.

Wanaofanya mtindo wa miondoko 32, ule uliopangwa China mwaka 1957 kutokana na tai chi (sanaa ya mapigano ya Kichina) ya mtindo wa Yang, wanajua kuwa dian ndiyo inayokupokea mlangoni: miguu inakutana, ncha inadonoa mbele. Ratiba yangu ilisema hadi mwisho wa mwezi niwe nimemaliza sehemu ya kwanza, miondoko minane. Niko bado kwenye wa kwanza.

Nikishusha ncha, mkono mzima ulishuka nayo, bega likapanda, na ncha ikaendelea kutetemeka hata baada ya mimi kusimama. Nilijirekodi kwa simu niliyoiegemeza kwenye jiwe, nikaona kiwiko kimekakamaa. Nikalegeza kiwiko, bega likakaza. Nikalegeza bega, vidole vikaukaba mpini. Kuna asubuhi nilirudi nyumbani nimekasirika kweli, kifundo cha mkono kinauma, sitaki hata kuuona huo upanga.

Nikaulaumu, na sikukosea kabisa. Fundi seremala alinichongea kwa mninga, mzuri wa kutazama, ila mzito mbele: ukiulaza juu ya kidole unatulia shubiri mbili kutoka kwenye kinga ya mkono. Uzito huo kifundo hakiuzuii. Nikamrudishia, akapiga randa upande wa ncha, akatoboa kitako cha mpini, tukapachika risasi mbili za kuzamishia nyavu na kuziba kwa gundi na unga wa mbao. Sasa unatulia shubiri moja. Anayeanza, nakusihi, achana na zile za bati za kukunja. Zinalia sana ukizirusha, ukadhani umepiga vizuri, kumbe ni bati tu linatetema. Urefu upime kwa kuushika upanga kwa mkono wa kushoto, umelala nyuma ya mkono, ncha ifike sikioni.

Lakini mizani ilipokaa sawa, ncha bado ilitetemeka.

Aliyenifungua ni mzee mmoja anayepita kila asubuhi kuangalia mtumbwi wake. Huku kwetu ukitembea na upanga watu wanawaza panga la kufyekea, kwa hiyo mimi huubeba umeviringishwa kwenye kanga, ila yeye alishanizoea. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akasimama kunitazama.

“Binti, mbona unaukaba hivyo? Kasia ukilikaba namna hiyo, mkono unakufa kabla hujatoka kwenye ghuba.”

Akashika kasia lake kunionyesha: gumba na kidole cha kati ndivyo vinavyobeba, vingine vinafuata tu.

Ndipo nikaelewa. Dian haimaanishi kuishusha ncha. Kifundo ndicho kinachopanda, kidogo tu, na ncha inaanguka yenyewe, kama yangeyange anavyodonoa: shingo inapinda juu, mdomo unashuka. Maelezo hayo nilishayasoma mara nyingi, mkono ulikuwa haujayasikia. Na mkono wa kushoto, vidole viwili vimenyooka na vingine vimebanwa chini ya gumba, unagusa kifundo cha kulia. Nilidhani ni pambo. Sasa kwa vidole hivyo ninasikia kifundo kinavyoinuka, na kikikakamaa ninajua kabla ya ncha kunisema.

Jumatatu nilipanga kuanza mwondoko wa pili, ule wa kusimama mguu mmoja. Siuanzi. Nimefunga kizibo cha soda kwa uzi wa nailoni kwenye tawi la mwembe, usawa wa kifua, nataka ncha ikiguse bila kukiyumbisha. Mchana upepo wa ziwani unakichezesha, kwa hiyo ni alfajiri tu. Leo nimekigusa mara hamsini, kimetulia mara tatu.